Rangi za chakula, ini na vitamini: maswali mnayoniuliza sana hapa Mtwara

Mimi nauza dawa hapa mjini Mtwara na kila shule zikifungwa maswali ni yaleyale, juisi nyekundu za ndoo, barafu za nailoni, ubuyu, kashata za pinki, af mwisho wa yote "basi nipe vitamini C zimlinde mtoto ini". Nimeona niyaandike yote sehemu moja ili mtu akiuliza namtumia hii. Mengine nimejibu kirefu mengine mstari miwili tu, msinilaumu.

Hivi ni kweli rangi za chakula zinaharibu ini au ni maneno ya mtandaoni tu?

Inategemea rangi gani na kiasi gani. Rangi nyingi za dukani ni za kundi linaitwa azo: tartrazini ya njano (E102, hizo E ni namba za Ulaya za kutambulisha vinavyoongezwa kwenye chakula), ile ya machungwa E110, nyekundu za E122, E124 na E129. Hizi zinaruhusiwa nchi nyingi tu, zina viwango vyake. Kwa binadamu anayekula ndani ya viwango hakuna aliyethibitisha kwamba zinamuua ini. Kwa panya wa maabara hadithi ni nyingine. Mwaka 2010 watafiti wa Misri walichapisha jaribio walilowapa panya tartrazini na kamoisini (hiyo ndo E122) kwa siku 30, vipimo vya ini kama ALT na AST vikapanda, na zaidi kwa wale waliopewa dozi kubwa. ALT na AST ni vimeng'enya vinavyokaa ndani ya seli za ini, ukiviona vingi kwenye damu maana yake seli zimeumia zimevujisha.

Kwa hiyo anayekwambia "zinaua ini" anatia chumvi, na anayekwambia "hazina shida kabisa" naye anakudanganya, maana hata yeye hajui kwenye ile ndoo imewekwa rangi gani.

Rangi si inapita tu tumboni inatoka? Inafikaje kwenye ini?

Tartrazini yenyewe nzima nzima hainyonywi sana, nyingi inashuka mpaka utumbo mpana. Huko kuna bakteria, wanakata ile sehemu inayoshikilia rangi, yaani naitrojeni mbili zilizoshikana, na rangi inavunjika vipande. Baadhi ya vipande vinaitwa amini za aromatiki, hivyo vinanyonywa, vinaingia kwenye mshipa unaotoka utumboni, na ule mshipa hauendi kwingine kokote, unakwenda moja kwa moja kwenye ini. Ini ndo la kwanza kupokea kila tulichokula.

Sasa ini likianza kuvisafisha hivyo vipande, kazi yenyewe ya kusafisha inazalisha radikali huru, vitu vyenye elektroni pungufu ambavyo vinanyang'anya elektroni kwa chochote kilicho karibu. Vikinyang'anya kwenye mafuta ya ukuta wa seli, ukuta unaharibika, na jirani yake naye anaharibika, inaenda hivyo mfululizo. Ini lina ulinzi wake wa kuzaliwa, glutathioni na vimeng'enya viwili vitatu. Kwa wale panya wa dozi kubwa ya tartrazini, glutathioni ilishuka na mabaki ya mafuta yaliyoungua yakapanda. Maana yake ulinzi ulizidiwa.

Hapo vitamini C na E zinaingia wapi?

Hapo hapo kwenye huo mfululizo. Vitamini E inakaa kwenye mafuta, imo ndani ya ukuta wa seli kabisa, ikitokea radikali inaipa elektroni yake na mfululizo unakatika. Ila ikishatoa inabaki imechoka haifai tena. Vitamini C iko upande wa maji, nje ya ukuta, inaipa E elektroni nyingine inarudi kazini. Ndo maana kwenye majaribio mengi wanazitoa zote mbili pamoja.

Na matokeo yapo, sio uongo. Majaribio kadhaa ya panya waliopewa rangi pamoja na vitamini C au E yameonyesha ALT na AST hazipandi sana kama kwa waliopewa rangi peke yake, na ini likikatwa likiangaliwa kwenye hadubini linaonekana nafuu. Sikiliza neno nafuu. Kwa kawaida hawarudi kuwa kama panya ambao hawakula rangi kabisa, wanakuwa katikati.

Kama kwa panya imefanya kazi si itafanya na kwa watu?

Taratibu. Angalia kwanza wale panya walipewa nini. Dozi kubwa ya tartrazini kwenye lile jaribio la 2010 ilikuwa miligramu 500 kwa kila kilo ya uzito, kila siku. Mtu wa kilo 60 ukimpigia hesabu hiyo moja kwa moja ni gramu 30 za rangi kwa siku, na hata ukitumia ile hesabu wanayotumia wataalamu ya kubadilisha dozi ya panya kuwa ya mtu (wanagawanya kwa kama 6) bado unapata karibu gramu 5. Hakuna mtu anakula gramu 5 za rangi kavu kwa siku, ulimi wako ungekuwa na rangi mpaka Idi.

Dozi ndogo waliyotumia ilikuwa 15 kwa kilo. Hiyo ni mara mbili tu ya kikomo cha Ulaya, ambacho ni 7.5 kwa kilo kwa siku, na hapo ndo mimi naacha kucheka kidogo. Lakini pia kamati ya wataalamu ya FAO na WHO (mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na afya) ilikaa 2016 ikapitia tafiti za tartrazini ikaweka kikomo cha 10, kwa hiyo si kwamba wameona ni moto.

Halafu kuna hili watu hawalifikirii: ili ujue vitamini inamlinda mtu dhidi ya rangi, ingebidi uchukue watu uwape rangi mpaka ini liumie af nusu yao uwape vitamini. Nani atakubali? Kwa hiyo ushahidi utabaki wa panya, na mtu akikuuzia kidonge kwa kusema "imethibitishwa inalinda ini na rangi" muulize imethibitishwa kwa nani.

Mimi nauza juisi ya ndoo, naweka rangi kijiko kimoja tu cha chai kwenye lita 10. Hiyo ni nyingi?

Swali zuri kuliko yote, twende polepole. Kijiko cha chai cha unga wa rangi ni kama gramu 3 mpaka 4. Tuseme 3. Gramu 3 ni miligramu 3,000, gawanya kwa lita 10 ni miligramu 300 kwa lita. Kikombe cha robo lita kina 75.

Mtoto wa miaka mitatu minne ana kilo kama 15. Ikiwa ni tartrazini, kikomo chake cha Ulaya ni 7.5 mara 15, yaani 112 hivi kwa siku. Kikombe kimoja sawa, cha pili amevuka. Ikiwa ni nyekundu ya E124, Ulaya mwaka 2009 waliishusha mpaka 0.7 kwa kilo, kwa hiyo huyo mtoto kikomo chake ni 10 na ushee tu, na wewe umempa 75, mara saba. Hata ukichukua kikomo cha FAO na WHO ambacho ni kikubwa zaidi, 4 kwa kilo, anaruhusiwa 60, bado umepita na ni kikombe kimoja tu hajala ubuyu hajala pipi.

Ukipunguza ukaweka robo kijiko, kikombe kinakuwa na kama 19. Kwa njano hapo hakuna tabu. Kwa E124 uko chini ya FAO na WHO ila bado juu ya Ulaya.

Sasa kabla hujanitukana: hivyo vikomo vimewekwa na nafasi kubwa ya usalama, mara nyingi wanachukua kiwango ambacho hakikumdhuru mnyama wanagawanya kwa 100. Kuvuka siku moja sio sumu. Kuvuka kila siku likizo nzima ndo hatutaki. Na unga mwingi wa dukani umechanganywa na chumvi au wanga, rangi halisi ni kidogo kuliko uzito unaouona. Ni kidogo kiasi gani? Soma kwenye pakti. Na kama pakti haina maandishi basi hiyo hesabu yote niliyopiga haina kazi, na hapo tunaingia swali linalofuata.

Nanunua rangi ya kufungwa kwenye karatasi sokoni, ni sawa tu?

Hapana dada yangu, hapa sina kona kona. Rangi ya kutia kwenye ukili wa mikeka nayo ni unga, nayo inafungwa kwenye kikaratasi, na inaweza kukaa meza moja na iliki na mdalasini. Kwa macho huwezi kuzitofautisha kabisa. Ile ya ukili kazi yake ni kung'ang'ania kwenye majani, hakuna aliyeipima kwa tumbo la mtu.

Duniani matukio yapo ya rangi za viwandani kuingia kwenye chakula. Mwaka 2005 Uingereza waliondoa mamia ya bidhaa madukani kwa sababu pilipili ya unga ilikutwa na Sudan I, rangi ya viwandani ambayo imewaletea panya uvimbe kwenye ini. Mafuta ya mawese Afrika Magharibi yameshakutwa na ndugu yake, Sudan IV, ili yaonekane mekundu. Manjano ya unga India wameshakamata ya kutiwa njano ya metanili. Hizi hata vitamini ndoo nzima sikushauri utegemee.

Nunua yenye lebo: jina la rangi au namba yake ya E, neno kwamba ni ya chakula, aliyetengeneza, tarehe ya mwisho. Mambo ya usalama wa chakula tangu 2019 yako TBS (Shirika la Viwango), yalitoka TFDA (iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa), kwa hiyo ukiwa na shaka na bidhaa ndo pa kuwauliza.

Kuna mtu aliniambia kuna rangi ya siagi iliwapa panya kansa na vitamini ikawaokoa. Ni kweli?

Kweli kiasi, na ni hadithi ninayoipenda. Zamani kulikuwa na rangi ya azo iliyotumika kufanya siagi na majarini ziwe njano. Miaka ya 1930 watafiti wa Japani wakaona panya wanaolishwa hiyo rangi pamoja na wali wanapata kansa ya ini. Wengine walipojaribu wakaona kitu cha ajabu, chakula kikibadilishwa matokeo yanabadilika. Panya wa wali mtupu wanaumwa haraka, wakiongezewa hamira au ini kavu wanaumwa kidogo. Kwenye ini na hamira kuna nini? Mwaka 1941 watafiti wa Marekani wakaonyesha kwamba riboflavini, yaani vitamini B2, ikitolewa pamoja na kaseini ambayo ni protini ya maziwa, inawakinga panya kwa sehemu. Baadaye ikajulikana sababu: kimeng'enya cha ini kinachoivunja ile rangi kabla haijaleta madhara kinahitaji B2 ili kifanye kazi.

Sasa angalia mambo mawili. B2 haikufanya kazi kama C na E, yenyewe ilikuwa inasaidia ini kuisafisha rangi. Na pili, waliposhajua hivyo hawakusema watu waendelee kula siagi ile na vidonge vya B2 pembeni. Rangi yenyewe haitakiwi tena kwenye chakula.

Ila somo la wali mtupu mimi nalichukua. Mtoto anayekula ugali na chai ya rangi kutwa nzima, hana maharage hana dagaa hana mboga, ini lake halina vifaa vya kazi, iwe kwa rangi iwe kwa kitu kingine chochote.

Ubuyu una vitamini C nyingi, si basi ubuyu mwekundu unajilinda wenyewe?

Haha, hili liliulizwa na jamaa wa Lindi na nilicheka lakini lina akili. Ni kweli unga wa ubuyu kwa uzito uleule una vitamini C mara kadhaa ya chungwa. Lakini ule ubuyu wa pakti umeshachemkiwa kwenye shira ya sukari na rangi na pilipili, umekaa wiki kadhaa kwenye nailoni juani, na vitamini C haipendi moto, haipendi hewa, haipendi kukaa. Inayobaki sijui ni ya kujivunia.

Na ukiweka vitamini C kwenye kinywaji chenye rangi za azo na kikakaa kwenye mwanga, rangi inapauka, watengenezaji wa vinywaji wanalijua hilo linawasumbua. Mtu anaweza kudhani basi sumu imeisha. Hapana, imevunjika vipande tu.

Kama unataka ubuyu, nunua mweupe. Koroga unga wake na maji ya baridi na sukari kidogo, hiyo ndo yenye faida.

Huku kwetu Newala na Tandahimba mabibo yanaoza chini ya mikorosho, yana faida yoyote kwa hili?

Yana faida na ndo yananiuma roho. Bibo lina vitamini C kama mara nne tano ya chungwa kwa uzito uleule. Msimu wa korosho watu wanakimbizana na kubangua, kupeleka ghalani, kusikilizia bei ya mnada, na mabibo yanaachiwa nzi. Mtoto mmoja akila mawili matatu freshi kashamaliza mahitaji yake ya siku na zaidi, maana mtu mzima mwenyewe anahitaji miligramu 75 mpaka 90 tu.

Yanakereketa koo, najua, ni ile tanini. Yakate, yaloweke kwenye maji ya chumvi kidogo, suuza, kamua, changanya na embe au nanasi. Yale ya kuokota yaliyopasuka na kuchacha achana nayo. Na kukausha juani kunapunguza sana hiyo vitamini.

Sasa kuna wajanja wanasema "basi uraka nao una vitamini C". Kaka, uraka ni pombe ya mabibo. Ukiichemsha ukatoa gongo ndo kabisa. Pombe inatumia glutathioni ileile ya ini tuliyokuwa tunaisema pale juu, kwa hiyo unatia kwa mkono huu unatoa kwa ule. Kati ya mtu anayekunywa juisi nyekundu na mtu anayekunywa gongo kila jioni, mimi najua ini la nani nitalipima kwanza.

Na korosho? Si zina vitamini E?

Watu wa kusini mnisamehe, korosho ni tamu, ina mafuta mazuri, ina madini, lakini vitamini E ni kidogo, haifiki hata miligramu 1 kwa gramu 100. Karanga zina kama 8. Mbegu za alizeti zina kama 35, na mafuta yake nayo yana nyingi vilevile. Mtu mzima anahitaji 15 kwa siku. Kwa hiyo kisamvu cha karanga kinakupa E nyingi kuliko sahani ya korosho, na ni bei rahisi.

Kisamvu chenyewe kibichi kina vitamini C ya kutosha ila lazima kitwangwe kichemshwe sana kutoa ile sumu ya muhogo, usijaribu kupunguza moto eti unaokoa vitamini. Vitamini C utaipata kwenye pera, papai, embe, chungwa la Muheza likifika.

Basi niuzie vidonge, vya kopo kubwa.

Nitakuuzia ukisisitiza lakini kwanza unisikilize, maana hapa najiharibia biashara mwenyewe.

Vitamini za kunywa kwa dozi kubwa zimeshafanyiwa majaribio makubwa kwa watu na baadhi yalikuja na matokeo ya kushtua. Finland walichukua wanaume wavuta sigara zaidi ya 29,000, wengine wakapewa beta-karotini miligramu 20 kwa siku, wakitegemea itawakinga na kansa ya mapafu. Matokeo yalitoka 1994, waliokunywa walipata kansa ya mapafu zaidi, kwa asilimia 18. Marekani walijaribu vitamini E yuniti 400 kwa wanaume wakitegemea itazuia kansa ya tezi dume, mwaka 2011 wakatangaza kwamba waliokunywa walipata kansa hiyo zaidi kwa asilimia 17. Kwa hiyo ile dhana kwamba antioksidanti ikizidi ndo bora, futa.

Vitamini C ikizidi gramu 2 kwa siku inaharisha na kwa baadhi ya watu inaleta mawe ya figo. Vitamini E nyingi inafanya damu iwe nyepesi, mtu anayetumia wafarini au aspirini aniulize kwanza. Na vitamini A jamani, vitamini A ya vidonge kwa dozi kubwa kwa muda mrefu yenyewe inaharibu ini. Mtu ananunua kinga ya ini anakunywa kitu cha kuua ini. Matone ya vitamini A ya kliniki ya watoto ni kitu kingine, yale yamepimwa, mpeleke mtoto.

Lakini daktari alimpa baba vitamini E kwa ajili ya ini, mbona wewe unapinga?

Sipingi daktari. Kuna ini lenye mafuta lililovimba lisilotokana na pombe, na jaribio la Marekani lililochapishwa 2010 lilionyesha vitamini E yuniti 800 kwa siku kwa wiki 96 iliwasaidia asilimia 43 ya waliotumia, dhidi ya asilimia 19 waliopewa kidonge kitupu. Hao walikuwa watu wazima wasio na kisukari, wamepimwa kwa kukatwa kinyama cha ini. Ni ugonjwa mwingine, sio rangi za chakula. Baba aendelee na daktari wake.

Nitajuaje ini langu limeguswa?

Mwanzoni hujui, ini halilalamiki. Ikifika macho yanakuwa ya njano, mkojo mweusi kama koka, kinyesi cheupe, tumbo linajaa maji, kuwashwa mwili mzima, hapo sio duka la dawa tena, nenda hospitali ya Ligula, au kwa wa Lindi nenda hospitali ya Sokoine, wakupime.

Na ukikutwa na tatizo usikimbilie kuilaumu juisi. Huku kwetu vinavyoua maini ni virusi vya homa ya ini B, pombe, sumukuvu kwenye karanga na mahindi yaliyooza ukungu, na panadol za kunywa kama karanga. Mtu mzima vidonge nane vya miligramu 500 ndo mwisho kwa saa 24, ukizidisha sana unamaliza glutathioni, ini linaweza kufa ndani ya siku chache tu. Dawa za kienyeji nazo baadhi hatujui zina nini. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara watu walikufa kwa sumukuvu ya mahindi, huku sijawahi kuona habari ya mtu aliyekufa ini kwa ubuyu.

Mtoto kala keki ya bluu, choo kimetoka kijani!

Ni rangi tu mama, kesho itaisha.

Wanasema rangi zinafanya watoto wawe watundu, ni kweli?

Mwaka 2007 chuo cha Southampton Uingereza walijaribu mchanganyiko wa rangi sita hivi pamoja na sodiamu benzoeti (kihifadhi cha vinywaji) kwa watoto, baadhi wakawa hawatulii kidogo. Tangu 2010 Ulaya lebo za rangi hizo sita lazima zionye kwamba zinaweza kuathiri utulivu na umakini wa mtoto. Ni suala la ubongo sio ini, ila kama una mtoto asiyekaa chini jaribu kumuondolea uone.

Marekani wamepiga marufuku rangi nyekundu, ni hizi zetu?

Walichofuta Januari 2025 ni Nyekundu Namba 3, kwa Ulaya inaitwa E127. Sababu ni uvimbe wa tezi ya shingo kwa panya dume, na sheria yao ya mwaka 1960 inasema kinacholeta kansa kwa mnyama hakikai kwenye chakula. Sio E124 wala E129. Soma lebo.

Nikiweka manjano badala ya rangi ya biriani?

Safi. Ila nunua vile vidole vyake utwange mwenyewe, sio unga wa kupimiwa, sababu nimeisema. Mzingefuri nao ukiupata unatoa rangi ya machungwa nzuri sana, unakaangwa mbegu kwenye mafuta kwa moto mdogo af unachuja. Vidonge vya manjano vya dozi kubwa vile vya mtandaoni siwauzii, vimeshaleta watu wenye ini lililovimba huko nje.

Wateja wangu wakiona juisi sio nyekundu hawanunui, nifanyeje?

Rozela. Kiganja kimoja cha maua makavu kwa lita moja ya maji, chemsha dakika tano, zima, funika ipoe, chuja, sukari na tangawizi weka mwishoni. Inatoka nyekundu kuliko ile ya kwenye pakti. Kamulia ndimu rangi inazidi kuiva, maana ile rangi inapenda ukali. Ukiigusisha na magadi au baking pauda inageuka buluu bluu mteja anakimbia. Na chemshia kwenye sufuria ya stili, ya alumini hapana, ule ukali unaila. Ikibaki weka kwenye friji, siku ya tatu mwaga.